Sauti Iliyobaki Korongoni

Tangu waoane, Masika hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Kwao Butembo alifundishwa kwamba jina la mume halitajwi ovyo, kwa hiyo miaka ya mwanzo alikuwa akikohoa tu mlangoni, au anasema "wewe", na mume anaelewa. Alipozaliwa mtoto wao Chloé mambo yakawa mepesi. Ignace akawa Papa Chloé, yeye akawa Mama Chloé, na pale Yeoville, mtaa wao wa Johannesburg, wengi hawakujua kama wana majina mengine.

Ignace alikuwa seremala kwenye karakana ya Parfait, Mkongomani mwenzao aliyenunua kombi kuukuu na kuzigeuza vyumba vya safari: kitanda nyuma, jiko la gesi, sinki, vikabati vya kila kona. Masika ndiye aliyeshona mapazia na kuvalisha magodoro. Wateja walikuwa matajiri wa Sandton wanaopenda kwenda kulala porini kwa hiari yao. Mmoja wao akataka kombi iliyokwisha kujaribiwa kwenye mawe na vumbi, naye Parfait akamtupia Ignace ufunguo.

"Nenda na mama," akasema. "Mumetengenezea watu vitanda mpaka mumeanza kuota mvi, hamujalala hata kimoja."

Chloé alikataa kwenda aliposikia huko hakuna mtandao. "Eish, Papa, mimi hapana," akasema, na wakamwacha kwa jirani yao Spéciose, mama wa Kirundi wa ghorofa ya chini.

Walitoka Johannesburg alfajiri wakashika barabara ya magharibi. Mashamba ya mahindi yakaisha, yakaja majani makavu, kisha hata majani yakawa machache. Kwenye nguzo za umeme ndege walikuwa wamejenga viota vikubwa kama vibanda vilivyoezekwa vibaya. Baada ya mji wa Upington hawakupishana na gari lolote kwa muda mrefu, mpaka Masika akazima redio iliyokuwa ikikoroma tu, akaanza kusikia vijiko vikigongana ndani ya kabati.

Kesho yake alasiri wakafika kwenye korongo. Ardhi ilikuwa tambarare, nyekundu, halafu ghafla ikakatika. Chini kabisa palikuwa na mkondo mkavu wa mto, mchanga mweupe, na kuta za mawe zilizokunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Pale juu palikuwa na mti mmoja mnene, meza ya zege iliyojengewa wageni, na hakuna mgeni.

Ignace akasimama ukingoni, akaweka mikono mdomoni. "Masika!"

"Masika... sika... sika," korongo likajibu.

Akacheka kama kijana. "Sasa wewe. Niite. Lakini uniite jina langu."

"Acha utoto, Papa Chloé."

"Nani atakusikia hapa? Mara moja tu, mama. Sijawahi kulisikia mdomoni mwako."

Masika akaona haya, akatazama nyuma kana kwamba Butembo nzima imesimama pale. Kisha akavuta pumzi, akaita kwa nguvu zake zote: "Ignace!"

Hakikurudi kitu.

Wakasubiri. Ignace akapiga makofi, makofi yakarudi. Masika akaita tena, "Ignace!" na sauti yake ikateremka kule chini ikapotea, kama jiwe lililoangukia kwenye pamba.

"Ni upepo," Ignace akasema. Upepo haukuwepo. Lakini uso wake ulikuwa umechangamka, na jioni ile, wakila kwenye meza ya zege, alimtazama mkewe kama mtu aliyepewa zawadi.

Asubuhi Masika alikuwa ndani ya kombi akiosha vikombe, Ignace akachungulia mlangoni.

"Naam?"

"Naam ya nini?"

"Umeniita."

"Sijakuita."

"Umeniita," akasema kwa upole, akitabasamu. "Kwa jina." Akaenda zake kukaza skrubu za ngazi ya nyuma, akipiga mluzi.

Masika alibaki na kikombe mkononi. Hakutaka kulifikiria. Jua likapanda, mawe yakaanza kuwaka, akawasha jiko akasonga ugali. Alikuwa akiugeuza aliposikia mwanamke akiita kule nje, mbali, chini.

"Ignace!"

Mwili ulimsisimka kabla akili haijaelewa. Kila mtu huijua sauti yake mwenyewe, hata akiisikia kwenye simu na kuichukia. Ile ilikuwa yake. Akashika koo lake, akalikuta limetulia.

Akatoka mbio. Chini ya mti hapakuwa na mtu. Bisibisi ilikuwa imelala mchangani. Akafika ukingoni akaona kofia nyekundu ya mumewe ikiteremka kwenye kijia chembamba kilichoambaa na ukuta wa mawe.

"Ignace!" sauti ikaita kutoka nyuma ya kona ya mwamba.

"Nakuja, mama!" Ignace akajibu.

Kutoka pale juu Masika aliona kile ambacho mumewe hakuweza kukiona. Nyuma ya kona ile kijia kilikuwa kimemomonyoka. Palikuwa na hatua chache za changarawe, kisha hewa tupu mpaka kwenye mchanga mweupe.

Akafungua mdomo amwite, na kabla hajatoa neno, lile la kule chini likatangulia: "Ignace!" Lilikuwa tamu, halina haraka. Akapiga kelele hata hivyo, "Ignace! Ignace!" lakini kila alipotamka jina lile lilimtoka bila uzito, na jingine likaita kutoka chini kwa sauti iliyojaa. Ignace hakugeuka. Jina halikuwa tena mdomoni mwa Masika.

Ndipo akaita kwa jina lile alilozoea.

"Papa Chloé! Papa Chloé, rudi! Bugali inapoa!"

Kofia nyekundu ikasimama.

Masika akazuia pumzi, maana alikuwa amelitupa jina la mtoto mle korongoni. Akasikiliza. "Chloé... loé... loé," kuta zikajibu, moja baada ya nyingine, mpaka la mwisho. Lilirudi lote.

Ignace aliinua uso akamwona mkewe ukingoni, kisha akatazama kona ya mwamba. Alisimama hivyo kwa muda uliomtesa Masika kuliko yote. Hatimaye akaanza kupanda. Alipofika juu Masika alimshika mkono wa shati na hakuuachia mpaka walipoketi kwenye viti vya mbele. Ugali waliuacha kwenye sufuria. Kombi ilipokuwa ikigeuka kwenye changarawe walifunga vioo, na bado walisikia, bila hasira wala huzuni, kama mke anayemwita mumewe mezani: "Ignace."

Walipofika Johannesburg, robot ya kwanza, taa za kuongoza magari, ilipowazuia na teksi nyuma yao zikaanza kupiga honi, Masika alitoa machozi ya shukrani kwa kelele zile. Parfait aliizunguka kombi, akafungua na kufunga kabati. "Sharp?" akauliza, yaani iko sawa? "Sharp," Ignace akasema, akampa ufunguo.

Miezi ikapita. Nyumbani Masika akimwita kutoka chumba kingine, Ignace alikaa kimya mpaka amwone amesimama mbele yake. Masika akazoea kwenda kumgusa bega. Jumapili moja baada ya kanisa, Chloé akiwa kwa marafiki zake, akauliza lile alilokuwa amelibeba.

"Siku ile. Ulifikiri ni mimi kweli?"

Ignace alikuwa akila. Alitafuna, akameza, akanywa maji.

"Asubuhi, ndiyo."

"Na mchana?"

"Mchana nilijua uko ndani. Nilisikia mwiko wako kwenye sufuria."

Masika akakaa. "Sasa ulikuwa unakwenda wapi?"

Mumewe hakuinua macho. "Ilikuwa inaniita vizuri," akasema.

Nje, barabarani Rockey Street, mtu alikuwa akimwita mwenzake kwa nguvu. Masika aliondoka akaenda kufunga dirisha.