Kisahani Namba Saba

Mimi si mwanasayansi, na naomba mtu asinivishe kilemba cha ukoka. Kazi yangu ni kulisha na kuosha. Huu ni mwaka wa kumi na tisa nawatunza mayavuyavu wa maabara, wale viumbe wa baharini walio kama mwavuli wa maji. Hawana ubongo, hawana moyo, hawana damu, na wameanza kuishi kabla samaki wa kwanza hajapata mifupa. Bosi huwaambia wageni kwamba ukoo wao una zaidi ya miaka milioni mia tano. Mimi huongeza kwamba kwa muda wote huo hawajajifunza kusema asante.

Watu hudhani yavuyavu ni ule mwavuli tu. Mwavuli ni utu uzima wake. Kabla ya hapo huitwa polipu, mdogo kuliko punje ya mchele, kajishikiza kwenye kisahani cha kioo na kunyoosha vidole juu akiomba chakula. Polipu hana haja ya kuoa wala kuolewa. Hujigawa akawa wawili, wakawa wanne, wakawa themanini, wote wenye jeni zile zile. Basi kisahani kizima ni kiumbe mmoja aliyejirudia, na anayewaosha wote ni mimi, ndiyo maana naitwa Mama Visahani.

Visahani viwili vilikuwa roho ya bosi. Namba sita walitoka bahari ya karibu. Namba saba aliwaleta mwenyewe ujanani kutoka bahari ya mbali, ndani ya chupa ya jemu aliyoipakata safari nzima. Kwa macho walikuwa shilingi kwa ya pili. Lakini bosi alishikilia kwamba jeni zao zikisomwa, itaonekana koo hizo ziliachana mamilioni ya miaka iliyopita: sura zimebaki zile zile, damu zimekuwa mbali. Damu ambayo, nakumbusha, hawana.

Kazi ya kuzisoma jeni alipewa binti wa dada yangu. Nilimpigia debe mimi, mpaka bosi akachoka kunisikia. Mtoto akasoma, akaleta majibu: sita na saba ni ukoo mmoja, hawatofautiani hata chembe.

"Umechanganya sampuli," bosi akasema. "Rudia."

Akarudia. Majibu yale yale. Akarudia tena.

"Mara tatu!" Bosi alivua miwani, ishara mbaya. "Binti, kazi hii inataka mikono safi. Jumatatu nampa mtu mwingine."

Mpwa wangu hakujitetea. Alikuja kukaa kwenye kiti changu kando ya sinki, akatazama sakafu. Nikamwambia, "Usilie, mwanangu," akanijibu, "Silii, mama mdogo," huku analia.

Mimi ndiye niliyetaka kuzama ardhini, kwa sababu mikono michafu ilikuwa yangu.

Miaka miwili nyuma nilichukua likizo ya siku tatu, na pampu ya hewa ikachagua siku hizo hizo kufa. Niliporudi, maji ya namba saba yalikuwa yameoza na polipu wote wamelegea kama uji. Niliogopa. Nikachukua mrija, nikahamisha polipu ishirini wa namba sita kwenye kisahani kipya, nikabandika lebo ya saba. Nani angejua? Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nikavua aproni, nikaingia ofisini bila kugonga, maana ningegonga ningekimbia.

"Mtoto hana kosa," nikasema. "Namba saba walikufa mikononi mwangu. Hao unaowaona ni namba sita niliowabatiza jina."

Nikamweleza yote. Hakufoka. Alitazama ile chupa ya jemu, ambayo siku hizi anawekea kalamu.

"Kisahani cha zamani," akasema, "ulikiosha vipi?"

"Sikukiosha. Sikuwa na moyo. Nilikifunika nikakisukuma nyuma kabisa ya friji, pamoja na maji yake."

Bosi aliruka kama kijana. Mtu mzima na shahada zake akapiga magoti mbele ya friji, anatoa chupa moja moja, mimi nazipokea. Alipokipata kisahani, akakiweka chini ya darubini. Akaniita nichungulie. Niliona vidoa vya kahawia, kumi na vitatu, vidogo kuliko mbegu za mchicha.

"Polipu akibanwa na maisha," akasema, "huacha chini ya unyayo wake kibunda chenye ganda gumu. Yeye anakufa, kibunda kinasubiri. Wamevuka mambo mengi kwa hila hiyo. Sijui kama wamevuka na friji yako."

Tukabadilisha maji. Kila asubuhi nilikuwa wa kwanza kufika, na kila asubuhi vidoa vilibaki vidoa. Siku ya kumi na saba kimoja kilikuwa kimepasuka, na juu yake kasimama polipu mmoja, mwembamba, amenyoosha vidole. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio.

Alipozaa wenzake wa kutosha, mpwa wangu akasoma jeni. Mbali kabisa na namba sita, vile vile alivyosema bosi. Bosi akamwomba mtoto radhi mbele ya wote. Mimi nina barua ya onyo kwenye faili, na ni halali yangu.

Jioni ile tulikuwa tunaosha visahani pamoja.

"Mama mdogo," akasema, "nilijua tangu mara ya pili. Mashine haikosei mara mbili kwa namna ile ile. Na visahani hivi hapa vinaguswa na mtu mmoja tu."

"Ukanyamaza? Na kufukuzwa je?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

Nikamwambia asugue kingo vizuri, hajui kuosha. Kisha nikageukia sinki, kwa sababu ilikuwa zamu yangu kulia.