Kadi Zilizokataa Kusogea

Fundi redio mmoja mstaafu, aliyeitwa Profesa na mtaa mzima ingawa yeye na shule walionana kwa mbali, alijifundisha kuandika programu za kompyuta. Akamtengenezea shemeji yake, mdogo wa mkewe, programu ya foleni ya saluni. Mteja akiingia, anawekewa kadi yenye jina lake kwenye skrini; zamu yake ikifika, shemeji anaibofya, inaondoka.

Ndivyo ilivyotakiwa. Lakini kadi ikiondoka iliacha pengo kama jino lililong'olewa, na kadi mpya ilikwenda kulala juu ya mwenzake, mpaka mtu avute ukingo wa dirisha la programu ndipo zote zikae sawa, kama wanafunzi waliosikia viatu vya mwalimu.

"Si unavuta tu kidogo," Profesa alisema.

"Kwa mkono upi, shemeji? Huu wenye rangi au huu ulioshika kichwa cha mtu?"

Jumamosi iliyopita shemeji hakuvuta. Kadi ya mteja wake wa tangu siku ya kufungua mlango ikafunikwa, mwenyewe akasubiri mpaka njaa ikamtoa. Leo amerudi.

"Nikirukwa tena," alisema taratibu, "nahamia saluni ya ng'ambo ya barabara."

Shemeji akamgeukia Profesa. "Umesikia. Akiondoka yeye, kompyuta yako inamfuata."

Profesa akavuta kiti. Mtu aliyewahi kutengeneza redio iliyokaliwa na tembo, ikaimba kabla tembo hajainuka, ashindwe na vikadi? Akaongeza amri ya kuchora skrini upya. Kadi zikapepesa, zikarudi palepale. Akaamuru ichore mara mbili. Zikapepesa mara mbili.

"Zinakukonyeza," shemeji alisema.

Profesa alikuwa akilitazama benchi la wateja. Mwanamke wa katikati alishaitwa, nafasi yake iko wazi, na aliyeingia punde amesimama mlangoni. Ungewapiga picha hata mia, picha ingekuwa ileile.

"Sogeeni jamani," shemeji akasema. Wakasogea, mgeni akakaa.

Kumbe Profesa alikuwa akiagiza picha kabla ya kuwasogeza watu. Akaandika upya: kadi ikiingia au ikitoka, programu kwanza ihesabu zilizopo, ipe kila moja nafasi yake, ndipo ichore. Akaweka kadi tatu za uongo, akafuta ya kati. Ya tatu ikapanda bila kusukumwa.

"Niandike," mteja alisema.

Za uongo zikafutwa, kadi yake ikakaa ya nne, nyuma ya watu wa benchi. Akaikodolea macho kama mpira wa fainali. Wa kwanza akaitwa, ikapanda. Mwingine akaingia, haikufunikwa. Profesa hata kikohozi alikimeza.

Ilipofika juu, shemeji alisoma jina, mikono yake yote miwili ikiwa kwenye taulo. Mteja akainuka, akaketi kwenye kiti cha mbele ya kioo.

"Rangi ileile ya siku zote," alisema.