Kazi ya Kushindwa

Saa kumi na mbili na robo jioni askari wa kwanza alishuka kutoka kwenye televisheni, akapangusa suruali, akasimama kando ya kikombe cha chai. Alikuwa na urefu wa kidole cha shahada, kofia ya chuma ya bluu na bunduki yenye singe. Kwenye kioo, mume wa Mama Gundi alikuwa amemtumbukiza shimoni kwa mara nyingine.

"Umemuua tena," mkewe alisema, akisogeza kikombe.

"Kitufe cha kuruka kinakwama."

Kitufe kilikuwa kizima. Gemu ilikuwa kaseti kuukuu iliyobanduka karatasi, ambayo muuza mitumba aliwaongezea bure waliponunua pasi. Mtaani hakuna aliyewahi kuisikia. Askari hukimbia kuelekea kulia, huwamiminia risasi kaa wa chuma, huruka mashimo, na ana roho tatu. Mume, aliyefukuzwa ulinzi kwa kulala lindoni, alizimaliza zote chai ikiwa bado ya moto, akaanza upya, na kila askari aliyekufa alishuka mezani. Kufika wakati wa kula, askari walikuwa wamejaa juu ya kabati la vyombo, wamejipanga mstari, wanaulizia kazi.

Mama Gundi alikuwa na kazi ya kuwapa. Jina lenyewe alilipata kwenye kiwanda cha maboksi, alikosafisha mashine ya gundi: rola mbili ndefu zinazobana karatasi. Gundi ikigandia rola, hukwanguliwa, tena rola zikizunguka, kwa kuwa meneja alishasema kuzima mashine ni hasara. Mwanamke aliyeifanya kazi hiyo kabla yake siku hizi alisalimia watu kwa mkono wa kushoto. Mama Gundi aliwahi kuomba mashine izimwe wakati wa kusafisha. Aliambiwa awe makini.

Basi akawabeba askari kwenye kopo la maziwa. Walikwangua vizuri kwa singe zao. Aliyenaswa na rola alimetameta mara tatu, akatoweka, asiache tone la damu. Meneja alishuka kutazama, akasema hilo la kukosa damu amelipenda. Akaagiza waletwe kila siku.

Hivyo mume akapata kazi ya kushindwa. Mkewe alimwachia kopo mezani, na jioni alilikuta limejaa. Majirani walipomcheka mume, aliwajibu kwamba kuna watu wana ofisi na dereva kwa kazi hiyohiyo.

Shida ilikuwa vidole vyake. Taratibu vilianza kuruka mashimo vyenyewe. Kopo likaja nusu, kisha likawa na askari wa kuhesabika.

"Baba, shindwa," mkewe alimwambia. "Ukishinda wewe, kwenye rola unaingia mkono wangu."

"Najitahidi, mama. Lakini kaa mwenyewe anakuja polepole vile. Kumwacha aniue naona aibu."

Alhamisi jioni Mama Gundi alikuta sebule imejaa majirani, wengine wamekalia mikono ya kochi. Kwenye kioo, askari alikuwa amesimama juu ya tumbo la jitu la mwisho la gemu, na jitu halipumui. Askari alipiga saluti. Kioo kikawa cheusi, na kaseti haikuwaka tena. Fundi redio wa jirani aliifungua palepale, akasema haina ubovu wowote, imemaliza tu.

"Sikufa hata mara moja," mume alisema. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Hata moja, mke wangu."

Mkewe alimpongeza, kwa kuwa lilikuwa jambo gumu na alikuwa amelifanya. Kisha akaliosha kopo, ambalo halikuwa na kitu.

Ijumaa asubuhi kiwandani, msimamizi wa zamu alichungulia ndani ya kopo, akalirudisha. Mama Gundi aliomba mashine izimwe. Msimamizi alipanda ghorofani kumuuliza meneja, akashuka na kikwanguo. Alieleza, bila ubaya, kwamba enzi za askari rola ziliongezwa mwendo, na wateja wameshaahidiwa maboksi kwa mwendo huo. Akamkumbusha awe makini.

Mama Gundi alivua pete, akaitia mfukoni. Alikunja mkono wa blauzi hadi juu ya kiwiko, akaingiza kikwanguo kati ya rola.