Ushauri wa Dakika Mbili

Consolatha aliandika saa mbili na nusu asubuhi, siku ya Jumanne, katika kundi la WhatsApp la majirani wa mtaa wao pale Isevya. Alisema kichwa kinamuuma tangu jana, panadol haisaidii, miguu imevimba, na akiinua macho anaona vitu kama vimulimuli. Alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza. Mumewe, Anton, alikuwa Urambo kwenye masoko ya tumbaku, kwa hiyo nyumbani alikuwa peke yake.

Kundi lile lilizoea kubishana, na kichwa cha Consolatha nacho kilipokelewa kama mada. Bernardo, dereva wa lori, alisema ni vumbi tu. Mzee Nanji, mwenye duka la vipuri vya baiskeli pale kona, alishauri tangawizi na asali, akaongeza kwamba marehemu mkewe alizaa watoto watano kwa tangawizi. Bernardo akauliza kama aliyezaa ni mke au ni tangawizi. Watu wakacheka.

Ndipo akaingia Eustadia. Alikuwa fundi cherehani, mama wa watoto wanne, mwanakwaya wa Moravian, na neno lake ndilo lililokuwa likifunga mijadala. Alirekodi sauti ya dakika mbili. Alisema mimba ya kwanza ina deko, miguu kuvimba ni kawaida, na hicho kichwa ni njaa iliyochanganyika na kumkumbuka mume. "Jifunge kitambaa kichwani, funga mapazia, ulale," alisema. "Ukikimbilia hospitali kwa kila kichwa, mwisho watakupangisha chumba."

Wakacheka zaidi. Consolatha akajibu, "Asante dada Eusta. Ngoja nilale."

Mtu ambaye angeweza kupinga hakuwepo kundini. Huyo ni Mektilda, muuguzi mstaafu. Mwezi uliopita alikuwa amewaonya watu wasiache dawa za presha eti kwa sababu ya kitunguu saumu, na Eustadia akambatiza jina la Daktari wa Pensheni. Jina likashika. Mektilda akatoka kundini bila kuaga.

Saa tano kasoro Eustadia alikuwa akishona sare za kwaya, simu ikatoa mlio. Aliyeandika ni Riya, mkwe wa Mzee Nanji, aliyehamia mtaani mwaka uliopita na ambaye kundini hakuwahi kusema neno. Alikuwa amemwandikia pembeni: "Dada, samahani. Dada yangu alipokuwa mjamzito aliona vimulimuli hivyo hivyo. Tulimwacha alale. Hakuamka. Niliogopa kusema mbele ya wazee."

Eustadia aliusoma ujumbe mara mbili. Akamwandikia Consolatha, "Umeamkaje?" Alama mbili za kijivu zikatokea, zikabaki za kijivu. Akapiga. Simu ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Alijiambia kwamba mtu aliyelala hapokei simu, na kwamba yeye ndiye aliyemwambia alale. Wazo hilo la pili ndilo lililomnyanyua kwenye kiti, kipande cha kitambaa bado kikiwa chini ya sindano.

Nyumba ya Consolatha ilikuwa ya saba kutoka kwake. Alianza kwa kutembea, akaona aibu kukimbia, kisha akakimbia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mapazia yote yalikuwa yamefungwa. Akapiga simu huku amesimama dirishani, akaisikia ikilia ndani ya chumba, karibu kabisa. Aliita jina. Akasikia kitanda kikigonga ukuta, haraka haraka, kama mtu anayebisha hodi kwa ngumi. Halafu kikanyamaza, na kimya kile kilimtisha kuliko kule kugonga.

Bernardo alikuwa akiosha lori lake nyumba ya pili. Alikuja mbio, akausukuma mlango kwa bega mara tatu mpaka kitasa kikang'oka. Consolatha alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, uso umevimba kiasi kwamba Eustadia nusura asimtambue. Mdomoni alikuwa na povu lenye damu. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona mtu. Bernardo akaenda jikoni kutafuta kijiko cha kumwekea kati ya meno. Eustadia akavuka barabara hadi kwa Mektilda.

Mektilda alikuwa barazani akichambua maharage. Eustadia alisema shikamoo kwa mazoea tu, pumzi ikimkatika. Mama yule hakuitikia marahaba. Alimtazama usoni, akauliza ni nani.

"Consolatha. Amedondoka, anatetemeka mwili mzima. Mimba ya miezi minane."

Ungo ulikuwa umeshawekwa chini.

Mektilda alimkuta Bernardo na kijiko, akakichukua, akakitupa kitandani. Alisema asiwekewe kitu chochote mdomoni. Akamlaza Consolatha kwa ubavu wa kushoto, akaagiza gari. Mzee Nanji alileta pikapu yake, wakatandika godoro nyuma. Eustadia alishika kichwa cha Consolatha mapajani pake. Walipokaribia reli, mwili ule ukakakamaa tena na kuanza kurushwa, na Eustadia, aliyezaa mara nne, hakuwahi kujua kwamba mwili wa mwanamke unaweza kutikiswa namna ile. Mektilda alikuwa akitazama saa yake.

"Atakufa?" Eustadia aliuliza.

"Sijui. Mshike, asirudi chali."

Hospitali walisema ni kifafa cha mimba, presha imepanda mno. Wakamchoma sindano ya kuzuia degedege, na baadaye wakampeleka chumba cha upasuaji. Muuguzi aliuliza kichwa kilianza lini. Jana, Eustadia alisema. Na leo asubuhi mgonjwa alifanya nini?

"Alilala," akajibu.

Alikaa kwenye benchi, akafungua simu ili aifute ile sauti. Akakuta Bernardo ameandika kundini kwamba asubuhi aliituma kwenye kundi la madereva, na mtu wa huko ameipeleka kundi la kina mama wa Ulyankulu. Huko alikuwa hawezi kuifuta. Alijiuliza ni wajawazito wangapi walikuwa wakiisikiliza saa ile na kucheka.

Mtoto alikuwa wa kike, kilo moja na nusu. Aliwekwa kwenye mashine ya joto. Consolatha hakuzinduka Jumanne ile wala Jumatano. Anton alifika kutoka Urambo, akakaa siku zote mbili mlangoni, na Eustadia akawa anamletea chakula bila kuweza kumtazama.

Alhamisi mchana Consolatha alifumbua macho. Bado alikuwa anaona ukungu, ila sauti ya Eustadia aliitambua.

"Dada," alisema taratibu, kama mtoto anayetoa taarifa, "nililala kama ulivyosema."

Eustadia alitoka nje. Anton akamfuata kwenye korido, mkononi ana chupa ya chai.

"Nani alimwambia alale?"

Angeweza kusema ni kundi zima. Walikuwa wengi, na wote walicheka.

"Mimi," alisema. "Ni mimi, Anton."

Anton akamkabidhi ile chupa, akarudi ndani kwa mkewe na kufunga mlango. Eustadia akabaki ameishika, hajui kama ameambiwa asubiri au aondoke.