Zambarau za Bi Kazija

Zeyana wa Kikwajuni alikuwa mwanamke msafi, na usafi wake ulikuwa na kelele. Akifagia uwanja, mtaa mzima ulijua umefagiwa. Akifua kanzu za mumewe, Mkadam, zilitoka nyeupe mpaka zikaumiza macho, na ole wako upite karibu na kamba yake na mkono wenye mafuta. Sisi majirani tulimheshimu, na tukimwogopa kidogo.

Sasa mchukue mwanamke wa namna hiyo umpakanishe ukuta na mzambarau.

Mti ulikuwa wa Bi Kazija, mjane mtu mzima aliyeishi peke yake nyumba ya pili. Matawi yalivuka ukuta yakaingia uwani kwa Zeyana bila ya hodi. Kila msimu zambarau zikiiva, popo walifika jua likizama, wakala, wakagombana, wakatema makapi, na mengine wakayaachia popote yalipoangukia. Maji ya bomba kwetu hutoka kwa zamu, na zamu yetu ni jioni, kwa hiyo nguo hulala kambani. Asubuhi kanzu ya Ijumaa ilikuwa na madoa mgongoni, na doa la zambarau halijui sabuni.

Zeyana aliomba mti ukatwe. Aliomba kwa adabu, kisha kwa mafumbo, kisha kwa kugonganisha ndoo. Bi Kazija alimjibu kwamba mti ulipandwa na marehemu mumewe, umelisha watoto wa mtaa mzima, Zeyana mwenyewe akiwa mmoja wao, na popo nao wana riziki yao. Basi Zeyana akatafuta dawa yake. Alikuwa na mapipa mawili ya maji pale uwani, yamefunikwa turubai. Akalivua lile turubai, akalitanda juu ya kamba ya nguo. Kanzu zikapona. Mapipa yakabaki wazi, na hakuna aliyeyafikiria, kwa sababu pipa haliendi msikitini.

Mwaka huo redio zilikuwa hazina habari ila Marburg, ule ugonjwa unaosemwa hutoka kwa popo, uliotokea Kagera. Sheha akatuita skuli, akaja bwana afya kijana, Haitham, kutueleza mambo ya popo. Alisema tunda lenye meno ya popo lisiliwe, hata ukikata pale palipoumwa. Matunda yaoshwe. Popo aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu. Chakula na maji vifunikwe. Halafu akasema jambo ambalo wengi wetu hatukulipenda: popo wasipigwe mawe wala miti yao isikatwe ovyo, maana popo akifukuzwa hatoweki, huhamia kwengine na dhiki yake, na dhiki humzidishia maradhi. Popo kumpita mtu juu, alisema, si ugonjwa.

Bi Kazija alikuwa amekaa nyuma kabisa, anasikiliza. Zeyana alikaa mbele, na katika yote yale alirudi na moja tu: popo wanaua. Hilo alilibeba nyumba kwa nyumba. Kwa fundi cherehani alisema wale popo wa Bi Kazija ndio hao hao wa Kagera. Dukani alisema mti ule ni kaburi lililosimama. Na sisi, Mungu atusamehe, tulitikisa vichwa tukaongeza chumvi.

Ramadhani ikaingia. Mfungo ukiangukia msimu, kama miaka hii, siku za mwanzo Bi Kazija hutugawia zambarau, kila nyumba bakuli, zimeoshwa na kutikiswa na chumvi, zimefunikwa kawa. Na kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Utatia kaimati, utatia tambi, ukikosa kabisa utatia tende tatu, lakini halirudi tupu. Mwaka huo bakuli lilipofika kwa Zeyana, alilipokea mlangoni akacheka, akasema ahsante, akaenda kuzimwaga zambarau jaani. Bakuli hakuthubutu kuliosha. Aliliweka juu ya ukuta wa choo, na pale likakaa. Nyumba nyengine tulifanya vivyo hivyo. Hakuna bakuli lililorudi.

Kisha Bi Kazija akaumwa. Tulijua kwa sababu ufagio wake haukusikika, na mlango haukufunguliwa. Zeyana alimsikia akiugua upande wa pili wa ukuta. Alisimama akasikiliza. Halafu akafunga dirisha, akamwambia mkwewe, Yusra, asiende uwani.

Kumzuru mgonjwa kwetu ni jambo lisilosubiri kuambiwa. Hata adui yako humwendea, ukakaa kwenye ncha ya kiti, ukaomba dua, ukaondoka. Kwa Bi Kazija hakwenda mtu. Tulisema tumefunga, tuna kazi ya futari, tutakwenda kesho. Waongo wakubwa.

Aliyemwita Haitham ni Zeyana mwenyewe, na msidhani ilikuwa huruma. Alitaka mtu wa serikali auone mti na mgonjwa pamoja, ili shoka liletwe. Kijana akaja na barakoa na glavu zake, akapiga hodi, na sisi tumejipanga ng'ambo ya njia kana kwamba tunatazama harusi. Sauti ikatoka ndani, imekauka.

"Usiingie, mwanangu. Nna maradhi ya popo. Mwambie na Zeyana afunge madirisha yake, nyumba ile ina watu wengi."

Zeyana alikuwa amesimama karibu kuliko sisi sote. Alisikia kila neno.

Maneno yetu yalikuwa yamemfikia, kumbe, na ameyaamini. Alikuwa amejifungia komeo kwa ndani ili asituambukize, hana nguvu ya kujitekea hata maji. Haitham alimbembeleza mpaka akafungua. Alimtoa damu kidoleni, akaipima, akatoka nje kuivuta hewa, akasema si popo hata kidogo. Ni homa ya dengi, inaletwa na mbu, na mbu wake huuma mchana na huzaa kwenye maji safi yaliyosimama. Mama huyu, akasema, yuko hatarini zaidi kwa kiu kuliko kwa homa.

Akaanza kutafuta maji yaliyosimama wazi, alikozaliwa mbu. Ya Bi Kazija yote yalikuwa yamefunikwa. Jikoni alikuta beseni la zambarau, zimechaguliwa moja moja; zenye alama ya jino zimetengwa kwenye ndoo na kumwagiwa jivu, tayari kufukiwa. Yule mzee alifanya kila alichoambiwa skuli. Zambarau tulizozimwaga zilikuwa safi kuliko mikono yetu.

Kisha Haitham akachungulia juu ya ukuta. Akauliza yale mapipa ni ya nani.

Macho yetu yote yakamgeukia Zeyana. Zeyana akamfungulia. Kijana alichota maji kwa kopo, akalinyanyua kwenye mwanga, na viluwiluwi vya mbu vikawa vinacheza ndani. Juu yake yalielea makapi ya zambarau na mavi ya popo. Aliuliza kwa upole kwa nini mapipa hayana kifuniko. Zeyana akatazama turubai lake lililotanda juu ya kanzu nyeupe za Mkadam. Haitham alisema mbu haandiki jina la alikozaliwa, huenda ametoka kwengine. Alisema hivyo kwa sababu alilelewa vizuri.

Bi Kazija alipelekwa hospitali akatundikiwa maji. Sasa mtaa mzima ukataka kumbeba, mpaka tukagombania miguu ya kitanda. Siku aliyorudi, Zeyana aliliosha lile bakuli la juu ya ukuta wa choo, akalijaza uji wa pilipili manga, akaenda nalo mwenyewe. Alitoa shikamoo yake, akaitikiwa marahaba.

Bi Kazija alimshukuru kwa kumwita bwana afya. Akamwambia mti asiwe na shaka nao tena, keshamwambia Kurwa, mpasua kuni, aje aukate.

"Mngenambia tu mapema," alisema. "Mie sikujua kama nnawatia hofu kiasi hicho."

Zeyana alisema mti usikatwe. Alisema si popo, ni mapipa yake, na maneno yale yaliyozagaa mtaani ni yake pia. Aliyatoa yote akiwa ameinamisha kichwa, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kanga. Bi Kazija alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja.

"Na zambarau, ulizila?"

Uongo ulikuwa mdogo na ulikuwa karibu. Zeyana akauacha.

"Nlizimwaga, Bi Kazija."

Yule mzee aliugeuza uso wake ukutani, akaomba aachwe apumzike.

Mti haukukatwa, ila Kurwa aliondoa matawi yaliyovuka ukuta. Turubai lilirudi kwenye mapipa. Mkadam anakwenda msikitini na doa mgongoni, na akiulizwa husema ni la mtaani kwetu.

Zeyana tangu siku ile humpelekea Bi Kazija futari kila jioni katika bakuli lake mwenyewe, zuri, lenye mistari ya dhahabu. Na Bi Kazija kapona, anatembea, na juzi katugawia zambarau za mwisho wa msimu, nyumba zote ila ya Zeyana. Magharibi ilipoadhiniwa tulizila mlangoni, mbele yake, mpaka ndimi zikageuka rangi. Lakini bakuli la Zeyana hurudi limeoshwa, linang'aa, na ndani hamna kitu. Yeye kila siku hulifunua kawa kutazama, labda leo.

Jana alimtuma Yusra akaulize kwa adabu kama kuna kosa jengine. Yusra alirudi na bakuli mkononi, akasema alichoambiwa.

"Kasema, 'Mwambie zambarau zipo, ila nnaogopa kumtia maradhi.'"

Zeyana akalipokea bakuli. Akakaa kitako pale pale uwani, akalipakata, mpaka adhana ya magharibi ikaadhiniwa na popo wakaanza kupita juu. Kisha akainuka, akalijaza futari, akampa Yusra apeleke.