Kemshafti Mbili na Shemeji Mmoja

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi, na tafadhali usinitafutie mshindani. Ujinga ule ulinikaa mwilini kama nguo ya kushonewa.

Gereji yetu ina mlango wa mabati, sakafu iliyokunywa mafuta hadi ikashiba, na mafundi wawili wenye ufunguo mmoja mmoja: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Shemeji hana maneno mengi. Nadhani siku ya kugawana niliyabeba na yake.

Tulikuwa tunaifufua gari yangu ya zamani. Injini ilibaki vile vile ilivyotoka kiwandani, isipokuwa kitu kimoja: kemshafti mbili mpya, zile fimbo za chuma zinazozunguka kufungua valvu, zenye nundu nene zinazoziacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi, injini ipate kuvuta pumzi ya kushiba. Shemeji ndiye aliyeziagiza na kuzipokea, na zililala kwake siku mbili kabla ya kufika gereji.

Siku mbili! Na sanduku likaja limefunguliwa.

Mimi dunia imenifunza kwa makofi. Nimeshauziwa gia boksi iliyojazwa unga wa mbao isipige kelele, nikaisifu kwa utulivu wake. Kwa hiyo sanduku likija wazi, hata likiletwa na mjomba wa wanangu, roho hainitulii.

"Mbona limefunguliwa?" nikamuuliza.

"Niliangalia kama zimefika nzima."

"Ukaangalia siku mbili?"

"Niliangalia mara moja, shemeji. Siku ya pili nililala."

Jibu tamu mno. Mtu asiye na hatia hajibu vizuri hivyo.

Kwa macho zilikuwa safi, lakini nikajiambia, nikigeuka tu atazibadilisha. Basi kesho yake alipotoka kwenda kununua gundi ya gasketi, nilizitia alama ya siri. Nilikuwa nimebeba kichupa cha rangi ya kucha cha mke wangu, chekundu. Nikadondosha tone kwenye kila kemshafti, nundu ya silinda ya kwanza, upande wa mgongo pasipotazamwa na mtu. Ikakauka, nikapaka tena isije ikafutika, nikafunika na grisi. Nilijiona mjanja kuliko sungura.

Tukazifunga. Nikachungulia alama zangu: zipo. Ikabaki kupima, maana kemshafti za kununua haziaminiwi kwa maneno. Tulifunga sahani ya digrii mbele ya injini, waya ukawa mshale wake, tukatafuta kilele halisi cha pistoni ya kwanza. Saa ya kupimia mwinuko tukaikalisha juu ya kikombe cha valvu, kile kinachosukumwa na nundu. Nundu ikiwa imekipa kikombe mgongo, tukaziba nafasi kati ya viwili hivyo isibaki hata ya karatasi, nikaweka saa kwenye sifuri. Nikazungusha kwa spana, taratibu, huku shemeji akisoma digrii.

Valvu ikachelewa kufunguka na ikawahi kufungwa, kama dirisha la ofisi. Karatasi iliyokuja na kemshafti haikusema hivyo hata kidogo.

"Rudia," shemeji akasema. "Pengine umerudisha nyuma, mnyororo unaozungusha kemshafti ukalegea."

Nikarudia. Yale yale. Nikahamia kemshafti ya pili. Yale yale!

Sasa, sahani ikikaa vibaya, kila kitu husogea upande mmoja. Hapa muda wenyewe ulikuwa umeliwa huku na huku. Maana yake nundu ni ndogo, na nundu haipungui yenyewe, si mshahara. Alama zangu zipo, kwa hiyo hazikubadilishwa gereji. Zilibadilishwa kwake.

"Zile nzuri ziko wapi?" nikamuuliza.

"Zipi?"

"Ulizoagiza. Hizi ni za bandia."

Akaweka spana chini. "Unaniita mwizi?"

"Sijasema mwizi. Nauliza zililala wapi."

"Zililala kwangu, unajua. Sema lililo moyoni."

"Weka ufunguo wa gereji mezani."

Alinitazama kama mtu anayesoma kipimo asichokiamini. Kisha akautoa, akauweka katikati ya boliti, akaanza kuvua ovaroli. Miaka yote ile ya kazi pamoja, na ilikuwa inaishia kwenye vifungo vya ovaroli.

Ndipo mke wangu akaingia. Hakusalimu.

"Rangi yangu ya kucha iko wapi?"

"Unatafuta rangi ya kucha gereji?"

"Nimekuta mfuniko wake mfukoni mwa suruali yako nikifua. Nataka kumjua huyo unayempaka kucha."

"Hakuna mtu!"

"Rangi imejinywa?"

Shemeji akasimama, mkono mmoja ndani ya ovaroli, mmoja nje. Nikaona bora aibu ya gereji kuliko ya nyumbani.

"Nimepaka kemshafti," nikasema. "Ziwe na alama, zisibadilishwe."

"Umepaka wapi?" shemeji akauliza polepole.

"Silinda ya kwanza, mgongoni mwa nun..."

Mgongoni, pale pale tulipoziba nafasi na kuweka sifuri. Nilikuwa nimeanza kupima juu ya rangi, kwa hiyo unene wa rangi ulikatwa kwenye kila kipimo kilichofuata.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Nilichukua kitambaa chenye thina ya kuyeyusha rangi, nikafuta, nafasi nyembamba ikajitokeza hapo hapo. Tukaiziba upya, sifuri upya, spana taratibu. Shemeji akasoma digrii, mke wangu ameshika karatasi kama hakimu. Zikalingana, kemshafti zote mbili.

"Muombe radhi kaka yangu," mke wangu akasema.

"Samahani, shemeji." Hapo ningefunga mdomo, lakini nao ni wangu, nimeuzoea. "Ila kubali, kuzichezea ilikuwa rahisi. Mtu angeziendea tu ukiwa umegeuka. Tahadhari si dhambi."

Shemeji akaokota ufunguo wake kati ya boliti, akaupangusa, akautia mfukoni.

"Ni kweli," akasema. "Na aliyeziendea nilipogeuka ni mmoja tu. Weka wako mezani."