Ruhusa ya Mto wa Baridi

Yudith hakuwa mtu wa kubembeleza. Mafuriko ya masika yalipomchukua kaka yake, alimwapisha mwanawe wa pekee, Kefa, asitie mguu mtoni bila ruhusa yake. Kefa alikula kiapo, akakitunza mpaka alipopelekwa Norwei kusomea uhandisi wa maji.

Oktoba ya mwaka tisini na tatu, barua yake ilifika Mpwapwa. Yudith hakujua kusoma, hivyo aliipeleka kwa jirani yake, mwalimu Debora.

“‘Shikamoo mama,’” Debora alisoma. “‘Wenzangu wana mchezo wa kushuka mto kwa kayaki, kachombo ka mtu mmoja. Wamenialika majira ya baridi, barafu ikiwa kingoni. Sitakwenda usiporuhusu.’”

Yudith alicheka mpaka akashika mbavu. Nani asiyejua mto wa wakati wa baridi? Kuanzia mwezi wa sita mto wao hubaki mchanga mtupu, na yeye huuchimba nusu siku apate ndoo moja. Barafu aliyoijua ni ile ya vifuko, inayouzwa stendi.

“Watu wazima wanaburuta kachombo mchangani, wakichoka wananyonya barafu! Wazungu nao wana mambo! Mwandikie, mwalimu: mto wa baridi hauui mtu. Cheza, baba, nimekuruhusu.”

Debora, mzaliwa wa Kongwa, ambako mito hukauka vilevile, naye alicheka, akaandika hivyo hivyo. Yudith akapiga alama ya dole gumba chini ya barua.

Februari jeneza lilishushwa mbele ya nyumba. Ofisa aliyelisindikiza alieleza kwamba kayaki ilipinduka penye mawe, mkondo ukamvuta Kefa chini ya barafu.

“Kwani ule mto ulikuwa na maji?” Yudith aliuliza.

“Mengi, mama. Tena ya kasi. Kule wakati wa baridi mito haikauki.”

Debora alijifunika uso kwa kanga.

Ofisa alitoa karatasi iliyokutwa kwenye mfuko wa koti la marehemu, kifuani. Maji yalikuwa yamefuta maneno yote ya kalamu. Alama ya dole ilibaki.

“Ni ajali, mama. Hakuna wa kulaumiwa.”

Yudith aliweka dole gumba lake juu ya ile alama, taratibu, na likaenea sawasawa.